Familia Nzima Katika Chumba Kimoja

Barua pepe ilikuja saa nne asubuhi, nikiwa namtia dawa ya matone bibi mmoja aliyetolewa mtoto wa jicho. Daktari wetu alifungua mlango bila kubisha. Huyu ni mtu wa Tanga, mpole, ambaye hata akiungua na chai husema "samahani" kwanza, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Akasimama pale mlangoni na simu mkononi.

"Sista," akasema, "tumepita!"

"Tumepita wapi?"

"Mchujo! Wanakuja kutuona kwa macho yao. Alhamisi ya wiki ijayo!"

Nilipiga yowe. Tone la dawa likamwangukia bibi wa watu shavuni, naye akaniuliza kwa Kinyakyusa nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mama, ni furaha tu. Akasema, "Basi furahi ukishamaliza hili jicho la pili." Nikamaliza jicho la pili, kisha nikatoka nje nikakimbia kulizunguka jengo la wagonjwa wa nje, mtu mzima mwenye watoto wanne, viatu vyangu vyeupe vikiingia kwenye matope.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kiasi. Nikifurahi na nikikasirika sauti ni ileile, na wenzangu wamezoea kuuliza kwanza leo ni ipi kati ya hizo mbili. Mimi ni muuguzi wa macho. Nimezaliwa Kyela, nimeolewa Kyela, nakaa Mbugani, na kazi hii nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba nikikutana na mtu sokoni nayatazama macho yake kwanza, ndipo nakumbuka jina.

Kilichokuwa kimepita mchujo ni andiko letu la kuomba fedha za utafiti wa saratani ya jicho ya watoto wadogo. Ugonjwa huu huanza mtoto akiwa hajajua kutembea, pengine hajajua hata kukaa. Mama anamnyonyesha kwenye mwanga wa taa, anaona mboni moja inang'aa nyeupe kama jicho la paka. Ukichelewa, mtoto anakufa. Ukiwahi, jicho linatolewa na mtoto anaishi. Ukiwahi sana, uvimbe ukiwa bado mdogo kama punje ya ulezi, unachomwa kwa leza, jicho linabaki mahali pake na mtoto anaona. Tofauti kati ya hayo matatu ni majuma machache tu, na hapo ndipo hasira zangu nyingi zinapotoka.

Tena ni saratani adimu. Watu wakisikia adimu wanadhani ni afadhali. Si afadhali hata kidogo! Ugonjwa wa wengi una wenyewe: una mabango barabarani, una siku yake ya maadhimisho, una vyandarua vya bure. Ugonjwa adimu hauna mwenyewe. Hospitali hii inamwona mtoto mmoja, inasikitika, inafunga jalada. Hospitali ya pili inafanya hivyohivyo, na hakuna anayejifunza kitu, kwa sababu mgonjwa mmoja hafundishi. Lazima nchi ziwaweke watoto wao pamoja. Mfuko tuliouomba ulisema wazi kwamba hautoi fedha kwa nchi moja inayokuja peke yake. Njooni tatu au zaidi, mkiwa kitu kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tukaungana na wenzetu wa ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, na chuo kimoja cha Ulaya chenye mashine za kusoma vinasaba.

Lakini kwangu mimi mradi wote ulikuwa na uso mmoja, tena mdogo sana.

Kule Ndandalo kuna familia ya wakulima wa mpunga na kakao. Binti yao wa kwanza, mwenye miaka mitano, tulimgundua na ugonjwa huu akiwa mdogo zaidi. Akatolewa jicho moja, akawekewa la bandia, na sasa anacheza na wenzake na kuwapiga anapotaka. Kisha mama yake akajifungua tena, mtoto wa kiume. Nilikwenda kumwona kichanga akiwa na wiki mbili. Nikamwangalia macho kwa kifaa chetu, sikuona kitu, lakini kifaa chetu hakifiki pembeni mwa jicho, na mama yake alijua hivyo kwa sababu nilikwisha kumwambia. Alikuwa amekaa jikoni, akanieleza huku akipepeta mchele, bila kuniangalia.

"Dada, watu wanasema nimekuja na kitu kutoka kwetu. Mume wangu ana macho yake mawili, mazima. Kwa hiyo ni mimi."

"Nani anasema?"

"Watu."

Nilitaka kuwatafuta hao watu mmoja mmoja nyumba kwa nyumba. Badala yake nikaaga, nikatoka, na uani nikamkuta babu mwenye mji, baba wa mume wake, ameketi anachagua mbegu za mpunga. Ni mzee wa jicho moja. Nilikuwa nimemwona mara nyingi, na siku zote nilidhani ilikuwa ajali ya shamba. Siku ile nikamuuliza.

"Sijui mwenyewe, mwanangu," akasema. "Nilikuwa mdogo mno. Mama yangu alikuwa akisema lilikuwa likiwaka kwenye moto kama la paka, wamisionari wakalitoa."

Ina maana ugonjwa ulishuka kutoka kwa babu, ukampitia mwanawe bila kumdhuru, ukampata mjukuu. Hutokea, si mara nyingi, lakini hutokea. Na kama ni hivyo, kichanga kile kingeweza kuwa nao pia. Damu ya babu, ya baba, ya mama, ya dada na ya kichanga zikisomwa pamoja, tungejua. Kama hana urithi huo, aachwe anyonye kwa amani. Kama anao, achunguzwe kila baada ya majuma machache, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kwenye hospitali kubwa iliyo mbali sana na Ndandalo. Familia ile isingeweza. Mradi ungeweza, na wageni wakiridhika, fedha za kuanzia zilikuwa zinatoka mwezi uleule kwa familia zilizokwisha kutia saini. Wenzangu waliposema "mradi", mimi nilisikia macho mawili ya mtoto yule.

Sikumwambia mzee kitu. Hatukuwa na ruhusa ya kuieleza familia jambo zito namna ile vipandevipande uani. Kulikuwa na kikao maalumu cha maelezo, na wageni walitaka kukiona kikifanyika. Mzee alikubali wageni waje. Akasema watakula wali wake.

Sasa nieleze kosa langu. Katika andiko, sehemu yangu ilikuwa ile ya namna familia zitakavyoelezwa na kuombwa ridhaa. "Wewe ndiye unayewajua watu," daktari alisema. Nikakaa nayo siku tatu nyumbani, mboga zikaungua mara mbili. Tulikuwa tumepewa mfano wa andiko la zamani kutoka Ulaya, nikaufuata. Nikatoa sentensi ambayo kila aliyeisoma aliisifu, na kamati ya maadili ikaipitisha bila kugusa nukta: Familia nzima, yaani baba, mama, babu na bibi, itaketi pamoja katika chumba kimoja, ili kila mmoja asikie maelezo yaleyale kwa wakati mmoja, ndipo kila mmoja atie saini yake.

Jumatano, siku moja kabla ya wageni, tulikuwa tunapitia andiko kwa mara ya mwisho. Daktari anasoma kwa sauti, mimi nakula ndizi ya kuchoma. Alipofika kwenye sentensi yangu niliacha kutafuna.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Daktari, nimetuua."

"Kuna nini? Mbona ni sentensi nzuri?"

Kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake. Hawakai chumba kimoja, hawasalimiani, hawatazamani. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Mzee akipita njiani anakohoa, mkamwana anaingia migombani mpaka apite. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, lakini kwa yule mzee wa Ndandalo hakuna kilicholegea hata uzi. Mkamwana wake alikuwa ameishi miaka saba pale nyumbani kwake na hajawahi kusemeshwa naye neno. Na mimi niliyeandika sentensi ile ni mkamwana wa mtu! Mwaka jana nilimwona baba mkwe wangu sokoni ananunua jembe, nikajitupa ndani ya duka la mchele, nikachuchumaa nyuma ya magunia na sare yangu ya kazi. Mwenye duka, mtu wa kuja, alipanda juu ya kiti akidhani nimeona nyoka.

Daktari aliweka andiko mezani. "Lakini Sista, wewe mwenyewe ni wa hapa. Uliandikaje hivi?"

Mganga hajigangi. Jambo ninalolifanya kila siku bila kufikiri halikunijia kabisa nilipokuwa nimeshika kalamu. Nilikuwa nawaandikia watu wa mbali, nikaandika kama mtu wa mbali.

Daktari akapiga simu kwa kamati. Akajibiwa kwa heshima zote kwamba kilichopitishwa ndicho kinachofanyika. Mkitaka kubadilisha, leteni maombi, yatasikilizwa kwenye kikao kijacho. Kikao kijacho kilikuwa baada ya miezi. Uvimbe haungoji kikao. Familia ikishindwa kuketi kama tulivyoandika, haiingii, na mtoto yule anabaki na kifaa changu kisichofika pembeni.

Nilikwenda wodini nikachukua shuka. Nilikuwa na mpango.

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa imenyesha kwa hasira na sasa jua linawaka kana kwamba halikuhusika. Tulikwenda kuwapokea wageni mpakani Kasumulu, kwa kuwa walikuwa wameanzia upande wa Malawi. Katikati ya malori na watu wanaobadilisha fedha akatokea profesa aliyetumwa na mfuko, mama wa Kizungu mwenye mvi, amevaa mabuti ya mvua yaliyokwisha kuchafuka, na uso wa mtu aliyefurahi kuchafuka. Nikampenda palepale. Pembeni yake alikuwa mwenzetu wa Malawi, tabibu wa macho, Mngonde ambaye Kingonde chake na Kinyakyusa changu ni ndugu wa tumbo moja.

"Mugonile," akanisalimia.

"Mugonile. Njoo huku haraka."

Nikamvuta nyuma ya gari nikamweleza sentensi yangu, na mzee, na mkamwana. Alianza kucheka kabla sijamaliza. Alicheka mpaka akaegemea tairi.

"Dada," akasema akifuta machozi, "sisi kwetu tumeandika vilevile. Neno kwa neno. Tulipewa mfano uleule."

"Na nyinyi mna mila hiihii!"

"Hiihii kabisa."

"Sasa jana mlifanyaje?"

"Jana familia yetu ilikuwa bibi mjane na mjukuu. Mungu alituhurumia."

Basi nikajua kwamba mto mzima, ng'ambo zote mbili, hakukuwa na mwenye akili. Ajabu, hilo lilinipa nguvu.

Tulifika Ndandalo saa tano. Bibi, mke wa mzee, alikuwa amefagia uani mpaka ardhi inang'aa, na kakao imeanikwa upande mmoja kwenye mikeka. Mzee alikuwa ndani ya sebule, kavaa koti. Mwanawe yuko pale, binti wa miaka mitano yuko pale na jicho lake la bandia limeoshwa vizuri. Tukaketi. Profesa akatoa karatasi zake, akatazama huku na huku, akauliza kupitia kwa mwenzetu wa Malawi: mama wa mtoto yuko wapi?

Mume akatazama chini. Mama wa mtoto alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na kichanga mgongoni, na alikuwa ametuma neno kwamba yeye hawezi kuingia.

Nikaona profesa anaandika kitu. Baadaye niliambiwa aliandika: mama anasita, huenda hajaridhia. Wakati ule sikujua, lakini mwendo wa ile kalamu haukunipendeza. Nikainuka kama askari. Nikatoa kamba mfukoni, nikafunga upande mmoja dirishani na mwingine kwenye msumari wa kalenda, nikatandaza shuka la wodi katikati ya sebule, na muhuri wa hospitali ukaja ukasimama mbele ya uso wa mzee.

"Hii ni nini, mwanangu?" akauliza.

"Ni pazia, baba. Yeye akae huko, wewe huku. Chumba kitakuwa kimoja, lakini hamtaonana."

Mzee alilishika shuka kwa vidole viwili. "Shuka jeupe, watu wameketi kimya, wageni wamekuja na gari. Mbona unanizika nami bado nakula?"

Bibi akacheka mlangoni. Hakuna mwingine aliyecheka. Mume akasema kwa sauti ya chini kwamba labda tuache, labda sio lazima. Nilihisi machozi ya hasira yanapanda, hasira juu yangu mwenyewe. Nilichuchumaa mbele ya mzee. Nikamwambia ukweli kwa Kinyakyusa, bila kuremba: baba, mimi ndiye niliyeandika kwamba mtaketi wote pamoja, niliandika vibaya, na sasa siwezi kufuta. Msipoketi, mjukuu wako mdogo haingii. Akikosa kuingia, hatutajua kama jicho lake liko salama mpaka siku litakapowaka. Na likiwaka tumechelewa.

Nje kuku alikuwa anakwaruza kwenye kakao na hakuna aliyemfukuza. Kisha mzee akashika kiti chake kwa mikono yote miwili, akakigeuza. Akakigeuza tena kidogo. Alipomaliza, ule upande wake usio na jicho ulikuwa umeelekea mlango na benchi la pembeni, na jicho lake zima limetazama ukuta wenye kalenda.

"Upande huu," akasema akigusa kope iliyofumba tangu utotoni, "mimi simwoni mtu. Hata malaika akikaa hapo sijakutana naye. Mwiteni."

Bibi alipiga makofi. "Upande huo umekaa bure miaka yote," akasema, "leo umepata kazi!"

Sasa tulicheka wote, hata mume, hata daktari wangu wa Tanga ambaye alikuwa anasema Alhamdulillahi chini kwa chini. Nikang'oa shuka langu. Bibi akaenda migombani. Baada ya muda mkamwana akaingia, kinyumenyume, kitenge kimefunika kichwa na uso, kichanga kifuani, hatua moja moja, mkono wa bibi mgongoni mwake ukimwongoza. Akakaa ukingoni mwa benchi lile. Kati yake na baba mkwe wake kulikuwa na hatua tatu na jicho moja lisilokuwepo. Chumba kimoja!

Daktari akaeleza kwa Kiswahili chake kizuri, nami nikieleza kwa Kinyakyusa pale maneno yalipokuwa magumu. Akasema juu ya saratani, juu ya damu, juu ya haki ya kukataa. Akafika kwenye urithi. Hapo nikachukua mimi.

"Baba, wewe ni mkulima," nikamwambia mzee. "Mbegu yako nzuri ikiingiwa na punje ya mpunga mwekundu, mwaka huu unaweza usiione. Unapanda, unavuna, mchele wote mweupe. Mwaka unaofuata inachipua."

"Naijua."

"Ugonjwa huu tunadhani umetembea hivyo. Damu itatuthibitishia, lakini tunadhani hivyo. Lile jicho ulilotolewa utotoni halikuwa ajali. Lilikuwa ni ugonjwa huuhuu. Ukapita kwa mwanao umejificha. Ukachipua kwa mjukuu."

Aliyesema ni yule aliyefunikwa kitenge. Sauti ilikuwa ndogo, kavu, na haikuwa inamwambia mtu yeyote hasa.

"Kwa hiyo si mimi?"

Mume wake alishika kichwa. Bibi aliyekuwa amesimama mlangoni akakaa chini pale pale kizingitini. Nilifungua mdomo kujibu, na daktari, mpole wetu, akanikamata mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Mzee hakugeuka. Aliendelea kuutazama ukuta.

"Mwanangu," akasema, na kila mtu mle ndani alijua anasema na nani, "si wewe. Ni mimi. Miaka hii nimesikia wanavyosema, nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilidhani ni wewe. Unisamehe."

Ndani ya kitenge tulisikia kilio. Hakikuwa cha msiba. Nimevisikia vya msiba vya kutosha. Alilia mpaka kichanga nacho kikaanza, akakipa ziwa akiendelea kulia, kisha akatoa mkono mmoja nje ya kitenge. Nikaelewa. Nikampa kalamu. Alitia saini bila kuuona uso wa mtu, na mzee akatia saini bila kugeuza shingo, bibi akatia yake pale kizingitini, na mume akatia saini akilowesha karatasi. Mimi na mwenzangu wa Malawi tulikuwa hatufai kitu, tunapokezana leso moja.

Profesa hakuwa ameelewa Kinyakyusa hata neno, lakini alikuwa ameacha kuandika. Tulipokuwa tunakula wali wa mzee, mkamwana akiwa amekwisha kurudi jikoni, mwenzetu alimsimulia yote. Akasikiliza kijiko kikiwa hewani. Kisha akauliza ni nani aliyefikiria kuwaketisha wote chumba kimoja, maana katika familia nyingi maneno haya huambiwa mmoja mmoja, na lawama hubaki palepale ilipokuwa.

Daktari akaninyooshea kidole.

Nilinyamaza. Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile, kwa hiyo naliandika hapa: sikufikiria. Nilinakili. Tulipopata nafasi ya kurekebisha andiko, sentensi ile mimi na mwenzangu wa ng'ambo tuliiandika upya, tukaeleza nani hukaa wapi na nani humgeuzia nani mgongo, lakini chumba tumekiacha kuwa kimoja.

Fedha za kuanzia zilitoka. Nilikimbia tena kuzunguka jengo la wagonjwa wa nje, safari hii daktari nyuma yangu, anatembea haraka akijifanya hakimbii. Damu za watu watano wa Ndandalo zikapanda ndege, pamoja na damu za familia ya ng'ambo ya Songwe. Majibu yaliporudi nilikwenda mwenyewe kuyapeleka. Babu anao. Baba anao, umejificha. Mama hana. Dada anao. Na kichanga anao.

Siwezi kusema tulishangaa. Mama yake alifunga nguo zake na za mtoto siku ileile, wakaondoka kesho yake na basi la alfajiri, yeye na mumewe na mtoto, kwenda hospitali kubwa. Mimi nikabaki na matone yangu. Siku ya uchunguzi sikufaa kitu kazini. Nilimtia mtu dawa kwenye jicho lisilouma, nikaambiwa nikae chini. Saa nane simu ikaita, na kwa sababu nilikuwa naingoja, ilinidondoka mikononi.

"Dada," akasema mama wa mtoto. Nyuma yake kulikuwa na kelele za korido. "Wameona. Jicho la kushoto, pembeni kabisa. Wamesema ni kadogo mno, hata wao wameangalia mara mbili."

"Halafu?" Nilikuwa napiga kelele. "Halafu?"

"Wamekachoma. Tayari wamekachoma! Wamesema jicho linabaki. Yote mawili yanabaki, dada. Tutarudi kuangaliwa, tutarudi mara nyingi, lakini anaona. Ameamka sasa hivi, ananitazama."

Sijui nilisema nini. Najua wagonjwa kwenye foleni walisimama. Nilipoweza kuongea nikamwambia nakwenda Ndandalo sasa hivi, naazima pikipiki, namwambia mzee mwenyewe kwa mdomo wangu.

"Baba anajua," akasema.

"Nani kamwambia? Mumeo?"

"Hapana," akasema. "Nimempigia mimi. Yeye ndiye niliyempigia wa kwanza."